Majina ya Vyakula katika Malewa ya Mutoshi na Kolwezi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi majina ya vyakula yanayosikika katika vibanda vya chakula vya Mutoshi na Kolwezi, na kuonyesha yale ambayo majina hayo yanamfunza mwanafunzi wa Kiswahili. Vibanda hivyo huitwa malewa, neno lililotufikia pamoja na Kilingala. Havina bango wala orodha ya bei. Mgeni huiona upesi mikahawa mikubwa ya mjini, ikiwemo ile ya Wachina, ambao idadi yao iliongezeka baada ya mkataba wa madini wa mwaka 2008. Malewa hutambulikana kwa moshi wa makaa na kwa watu walioketi chini ya turubai.

Kwanza tutazame asili ya hali hiyo. Mutoshi, zamani Ruwe, ni kambi ya mgodi. Wakati wa Union Minière mfanyakazi alipewa posho ya unga, na mkewe alipika nyumbani. Gécamines ilipodhoofika katika miaka ya 1990, mishahara ilikawia; na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliachishwa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wanawake wengi ndipo walipoanza kuilisha jamaa kwa biashara ndogondogo, na sufuria ya nyumbani ikatoka barabarani.

Chakula kikuu ni bukari, yaani ugali wa mahindi, ambao mara nyingi huchanganywa na unga wa muhogo. Hapa msomaji ataona kwamba neno letu lina kiambishi bu- mahali ambapo Kiswahili sanifu kina u-. Ndivyo pia tusemavyo bantu na byakula kwa watu na vyakula. Viambishi hivyo si makosa ya wasiosoma: vinaafikiana na Kiluba na Kisanga, lugha za majirani na wazee wetu, na ni vya kale katika Kibantu. Hata kitabu cha Kifaransa kuhusu ulaji wa Lubumbashi, kilichohaririwa na Pierre Petit mwaka 2004, kiliitwa Byakula.

Bukari huliwa kwa sombe, ambayo Watanzania huiita kisamvu. Majani hayo ya muhogo hutwangwa kisha huchemshwa muda mrefu, maana yakiwa mabichi yana sumu. Wengine huomba bowa, yaani uyoga, au samaki wadogo waliokaushwa.

Vyakula viwili vinastahili kuelezwa zaidi. Kikanda hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi za porini. Hukaushwa, hutwangwa, kisha hupikwa pamoja na unga wa karanga hadi vigande na kukatwa vipande kama nyama. Munkoyo ni kinywaji cha uji wa mahindi uliotiwa mizizi ya mmea wenye jina hilohilo. Mizizi hiyo huigeuza wanga kuwa sukari, na uji mzito huwa mwepesi na mtamu.

Okidi, uyoga na mizizi hiyo hutoka katika miombo, na miombo inakatwa kwa ajili ya makaa na kufukuliwa kwa ajili ya shaba na kobalti. Kitu kikitoweka chunguni, jina lake halikawii kutoweka kinywani. Basi hasara ni mbili: ya mlaji na ya lugha.

Kwa kumalizia, tunawasihi wanafunzi wetu wasione haya kuyaandika maneno haya katika kazi zao. Wajifunze ugali na kisamvu, kwa kuwa Kiswahili sanifu kinatuunganisha na ndugu wa mashariki. Lakini waketi pia katika malewa, wamsikilize mama anayepika, na waandike jina la kila kitu pamoja na namna kinavyotengenezwa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, na haifai kungoja.