Basi la mtumba: Bei ndogo ya mnadani huweza kuwa gharama kubwa barabarani

Sehemu kubwa ya mabasi madogo yanayobeba abiria jijini Dar es Salaam yaliwahi kutumika Japan. Toyota Coaster, Toyota HiAce, Mitsubishi Rosa na Nissan Civilian zilihudumia shule, hoteli na viwanda vya huko kabla ya kupakiwa melini kuletwa Afrika Mashariki.

Zipo sababu za msingi za biashara hiyo kushamiri. Japan, kama zilivyo Tanzania, Kenya na Uganda, magari yake hupita upande wa kushoto wa barabara, hivyo usukani uko kulia na mlango wa abiria hufungukia kandoni. Aidha, sheria za Japan zinataka basi likaguliwe kila mwaka. Kadiri linavyozeeka, ndivyo gharama za kulifanya lifuzu ukaguzi zinavyopanda, na mwenye nalo huona ni nafuu kuliuza nje.

Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2020 ilieleza kuwa kati ya mwaka 2015 na 2018 magari mepesi yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japan na Marekani. Takriban asilimia 40 yaliletwa Afrika. Kati ya nchi 146 zilizochunguzwa, takriban theluthi mbili zilikuwa na kanuni dhaifu za kudhibiti uingizaji huo.

Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka minane. Tanzania imechagua njia ya kodi, ambapo gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Kwa utaratibu huo, uamuzi wa umri wa basi hubaki mikononi mwa mnunuzi, naye anapaswa kujua anachokinunua.

Jambo la kwanza ni hesabu. Bei inayotangazwa na wauzaji mara nyingi ni ya gari likiwa bandarini Japan. Ushuru wa forodha hukokotolewa baada ya kujumlisha nauli ya meli na bima, kisha hufuata kodi ya ongezeko la thamani, gharama za bandari, usajili, bima ya abiria na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Anayekopa kwa kutazama bei ya kwanza pekee hujikuta na gari lililokwama bandarini huku gharama za kulihifadhi zikiongezeka.

Jambo la pili ni nyaraka. Cheti cha kuuzwa nje cha Japan huonyesha namba ya chesisi, tarehe ya usajili wa kwanza na kilomita zilizoandikwa wakati wa ukaguzi. Kilomita za kwenye dashibodi zikiwa chache kuliko za kwenye cheti, ni dalili kwamba mita imerudishwa nyuma. Karatasi ya mnada nayo isomwe, kwani herufi R mahali pa daraja huashiria gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa.

Tatu ni kutu. Mikoa ya Japan yenye theluji nyingi, kama Hokkaido, humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chesisi. Rangi mpya huficha ubavu wa basi, lakini haiponyi uvungu wake. Mnunuzi adai picha za chini ya gari kabla ya kulipa.

Nne ni injini. Coaster zenye injini ya 1HZ hupendwa kwa sababu mfumo wake wa mafuta hauendeshwi kwa kompyuta, na mafundi wetu wanaumudu. Matoleo ya baadaye yenye injini ya N04C hutumia mfumo wa kielektroniki wenye shinikizo kubwa, na baadhi yana chujio la moshi. Hayavumilii dizeli chafu, na fundi asiye na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari atabahatisha tu.

Hatari nyingine huanza basi likishafika. Viti vya asili hung'olewa na vingine vingi zaidi kuchomelewa ili hesabu ya siku iongezeke. Hata hivyo, breki, springi na matairi hubaki yaleyale yaliyokusudiwa uzito mdogo. Vivyo hivyo, basi lililotengenezwa kwa nchi zinazopita kulia, kama Korea Kusini, mlango wake hushusha abiria katikati ya barabara. Kuhamisha usukani peke yake hakuondoi hatari hiyo.

Basi linalolala gereji haliingizi hesabu, ilhali marejesho ya mkopo hayasubiri. Mmiliki aliyebanwa huahirisha breki ili anunue mafuta, na hapo anayebeba hatari ni abiria aliyelipa nauli bila kuulizwa. Kwa hiyo, kabla ya kutuma fedha, mnunuzi ampelekee fundi anayemwamini nyaraka na picha zote, na atenge fungu la matengenezo ya mwanzo. Asipoweza kulitenga, basi hilo bado hajalimudu.