Makarani wawili, ubao mmoja: kanzidata inavyochanganya hesabu

Wadau, leo tuongee kidogo mambo ya kompyuta, maana hili linagusa hela za watu.

Chukulia mko pwani Kilindoni, Mafia, pweza wanapimwa. Makarani wawili, ubao mmoja. Wa kwanza anaandika kilo 12 za mvuvi wake, anageuka kutafuta daftari. Wa pili anafuta, anaandika kilo 7 za mvuvi mwingine. Wa kwanza akirudi ananakili 7. Hakuna aliyeiba, mizani iko sawa, lakini mtu kapunjwa kilo 5.

Ndivyo inavyotokea ndani ya programu. Seva ya kanzidata kama MySQL kwa kawaida inampa kila anayeunganisha uzi wake wa kazi, na nyuzi zote zinatumia kumbukumbu moja. Sasa zipo funksheni za zamani za lugha ya C, mfano localtime inayogeuza saa ya kompyuta kuwa tarehe, ambazo kwenye Linux zinaweka jibu katika bafa moja tu ya programu nzima. Huo ndio ubao wetu.

Ubaya wake, ukijaribu peke yako huoni kosa. Linajitokeza siku watu wengi wameingia kwa pamoja, ukirudia halipo!

Dawa ziko tatu:

1. Kila karani aje na ubao wake. Anayeita funksheni anatoa mwenyewe nafasi ya jibu: localtime_r badala ya localtime. Hii ndiyo bora.

2. Kila uzi uwe na bafa yake. Lugha ya C inaruhusu rasmi tangu 2011. Ila uzi ukiita mara mbili kabla ya kunakili, jibu la kwanza limeshafutika.

3. Kufuli. Hapa wengi wanateleza: wanafunga wakati wa kuita, wanafungua kabla ya kunakili. Usifungue mpaka umenakili jibu.

Hata libpq, maktaba ya PostgreSQL, ina PQoidStatus ambayo nyaraka zake zinakiri si salama kwa nyuzi. Zinashauri PQoidValue, inayorudisha namba yenyewe bila kupitia ubaoni.

Kwa hiyo wewe unayetengeneza programu ya SACCOS au ya mnada, pitia kazi yako, kagua kila palipoandikwa static. Mvuvi hana habari na nyuzi zako, yeye anajua kilo zake tu.