Marekani: Bei ya Kijana wa Mstari wa Mbele

Wafanyakazi wengi wakisikia habari za michezo hufikiri kwamba hayo ni mambo ya kupumzisha mwili baada ya kazi. Lakini uko mchezo mmoja huko Marekani ambao umewapeleka watu mahakamani, umekiingiza chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma katika mabishano na chuo kikuu, na umezusha swali ambalo kila mtu anayeishi kwa nguvu zake anapaswa kulifikiri: mfanyakazi ni nani? Mchezo huo ni futboli ya Kimarekani, na habari yetu ni ya kijana wa shule anayecheza ulinzi katika mstari wa mbele, na jinsi vyuo vikuu vinavyomgombania.

KAZI YA MSTARI WA MBELE

Futboli hii si kandanda tunayoijua sisi. Mpira wake umechongoka pande mbili, huchukuliwa mkononi, na kila timu huwa na watu 11 uwanjani. Wachezaji huvaa kofia ngumu na mavazi mazito ya kukinga mabega. Timu yenye mpira hutaka kusonga mbele, na timu ya pili huizuia.

Mlinzi wa mstari wa mbele huinama, mkono ukigusa ardhi, akitazamana uso kwa uso na mtu wa upande wa pili mwenye uzito kama wake au zaidi. Mpira ukianza tu, wanavamiana. Kazi yake ni kuuvunja ukuta wa watu amwangushe mwenye mpira, au yeye mwenyewe awe ukuta, ili wenzake wa nyuma wapate nafasi ya kumkamata. Watangazaji hawamtaji sana. Wanaotajwa ni wale wanaotupa mpira na wale wanaokimbia nao. Hata hivyo kila kocha anajua kwamba timu isiyo na watu wazito mbele haishindi. Ni kama makuli wa bandari: meli hupewa sifa kwa safari yake, lakini bila wao shehena haishuki.

Kijana mwenye kilo 130 ambaye bado ana mbio ni adimu sana. Ndiyo sababu akitokea shuleni, vyuo humfuata kama nyuki wafuatavyo maua.

JINSI ANAVYOANDIKISHWA

Vijana zaidi ya milioni 1 hucheza futboli katika shule za sekondari za Marekani. Kwa hesabu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini humo, ni kiasi cha 7 tu katika kila 100 wanaofika kucheza chuoni. Na kati ya wale wa vyuoni wanaofikia hatua ya kuchaguliwa na timu za kulipwa, wanaochaguliwa hawafiki 2 katika kila 100. Mlango ni mwembamba, na watu walio nje ni wengi.

Makocha wa vyuo na wasaidizi wao huzunguka mashuleni. Wapo watu ambao kazi yao ni kuwapima vijana na kuwapa nyota; mwenye nyota tano ndiye wa juu kabisa. Kijana wa namna hiyo hupokea barua na simu bila kikomo. Kocha maarufu husafiri mbali kuja kuketi sebuleni kwa mama yake, ale chakula chake na kumwahidi kumtunza mwanawe. Kisha kijana hualikwa chuoni kwa gharama ya chuo, alishwe vizuri na kuonyeshwa uwanja. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake huingiza watu zaidi ya 107,000.

Mwisho ni kutia sahihi. Tangu mwaka 1964 hadi mwaka 2024 ilikuwapo hati maalumu ya ahadi. Kwa miaka mingi siku kubwa ya kuitia sahihi ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Februari, na tangu 2017 ukaongezwa muda mwingine mwezi wa Desemba. Kijana aliyetia sahihi kisha akaenda chuo kingine aliadhibiwa kwa kuzuiwa kucheza. Lakini kocha aliyemshawishi aliweza kuhama kesho yake kufuata mshahara mkubwa zaidi, na hati ile haikumgusa.

Kijana alipewa nini? Alilipiwa ada, chumba, chakula na vitabu. Hicho si kitu kidogo kwa mtoto wa maskini. Lakini tangu mwaka 1973 sheria ya NCAA ilikuwa kwamba ahadi hiyo ni ya mwaka mmoja mmoja. Aliyeumia, au ambaye kocha hakuridhika naye, aliweza kukosa kuongezewa mwaka uliofuata. Ni mwaka 2012 tu vyuo viliporuhusiwa kutoa ahadi ya miaka zaidi. Fedha taslimu kwa ajili ya kazi yake uwanjani zilikatazwa kabisa. Waliitwa wachezaji wa ridhaa.

KESI YA MEMPHIS

Sasa tuone yaliyotokea katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee. Katika shule ya sekondari ya Trezevant, shule ya serikali, alikuwapo mlinzi wa mstari wa mbele aitwaye Albert Means. Alikuwa mkubwa wa mwili na mwenye nguvu, na vyuo vingi vilimtaka. Februari 2000 alitia sahihi kwenda Chuo Kikuu cha Alabama, chuo chenye jina kubwa katika mchezo huu.

Mapema mwaka 2001 siri ikafichuka. Kocha msaidizi wa shule, Milton Kirk, alisema hadharani kwamba yeye na kocha mkuu, Lynn Lang, walikuwa wamepanga kujipatia fedha kwa kumpeleka kijana yule kwenye chuo kitakacholipa. Kirk alisema fungu aliloahidiwa hakulipata. Serikali ya shirikisho ikaingilia. Makocha wote wawili walishtakiwa, wakakiri makosa. Lang alieleza mahakamani kwamba alipokea dola 150,000 kutoka kwa Logan Young, tajiri wa Memphis aliyekuwa mshabiki mkubwa wa timu ya Alabama. Young alikanusha. Februari 2005 baraza la wazee wa mahakama lilimwona ana hatia, akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Alikata rufaa, lakini alifariki Aprili 2006 kabla ya kuanza kifungo hicho.

Chuo nacho kiliadhibiwa. Mwaka 2002 NCAA ilikiweka Chuo Kikuu cha Alabama chini ya uangalizi wa miaka mitano, kwa jambo hili na makosa mengine. Kilizuiwa kucheza michezo mikubwa ya mwisho wa msimu kwa miaka miwili, na kikanyang'anywa nafasi 21 za udhamini wa wachezaji. Means mwenyewe alihamia Chuo Kikuu cha Memphis, mjini kwao, akacheza huko.

Tutazame jambo hili vizuri. Nguvu zilikuwa za kijana. Hatari ya kuvunjika ilikuwa yake. Lakini mfuko wa fedha ulikabidhiwa kwa kocha. Wazee wanaokumbuka mashamba ya mkonge ya Tanganyika wakati wa ukoloni, ambayo yaliwachukua manamba hata kutoka Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, watatambua sura ya mambo haya: yuko anayefanya kazi, na yuko anayelipwa kwa kumleta. Tofauti ni kwamba namba hata kidogo alikuwa na ujira wake. Kwa mchezaji wa chuo, sheria ilisema ujira wake usiwepo. Bei yake haikufutika kwa sababu hiyo. Iliwaendea wengine, tena kwa mlango wa nyuma.

JINA LINALONYIMA FIDIA

Kwa nini sheria ilikuwa hivyo? Jibu linapatikana katika habari ya mwanamume mmoja aitwaye Ray Dennison. Mwaka 1955 alikuwa akicheza futboli katika chuo cha Fort Lewis A&M, jimbo la Colorado. Aliumia kichwa mchezoni, akafa. Mjane wake aliomba fidia, kama mke yeyote wa mfanyakazi aliyekufa kazini angeomba. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Colorado ilimkatalia. Ilisema chuo hakifanyi biashara ya futboli, na marehemu hakuwa mwajiriwa wake.

Katika miaka hiyo hiyo NCAA ilianza kutumia jina jipya, "mwanafunzi mwanamichezo," na ikasisitiza litumike kila mahali. Walter Byers, aliyeongoza ofisi za NCAA tangu 1951 hadi miaka ya 1980, aliandika kitabu mwaka 1995. Humo alikiri kwamba jina hilo lilitungwa kwa sababu ya hofu kwamba wachezaji wangehesabiwa kuwa waajiriwa wenye haki ya fidia. Basi jina lilikuwa ukuta wa kukinga mfuko.

Ukuta huo ulidumu. Kent Waldrep wa Chuo Kikuu cha Texas Christian alivunjika uti wa shingo uwanjani mwaka 1974, akapooza. Alipodai kuwa alikuwa mwajiriwa, kesi ilichukua miaka mingi, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Texas ilikubaliana na uamuzi kwamba hakuwa mwajiriwa.

Kwa watu wa mstari wa mbele jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu wao hugongana karibu kila mpira unapoanzishwa. Si lazima pigo moja liwe kubwa. Mapigo madogo hukusanyika, kama vumbi la kiwanda linavyokusanyika kifuani. Mwaka 2017 madaktari wa Boston walitangaza matokeo ya kuchunguza akili za wachezaji waliofariki. Kati ya 53 waliofika ngazi ya chuo, 48 walionekana na ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na mapigo ya mara kwa mara ya kichwa. Ni kweli kwamba akili hizo zilitolewa na jamaa, na wengi wao walikuwa wameona dalili tayari, kwa hiyo hatuwezi kusema kila mchezaji yuko hivyo. Lakini ni onyo.

KURA ZISIZOHESABIWA

Mwaka 2014 wachezaji wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, waliamua kuunda chama. Kiongozi wao alikuwa Kain Colter, na United Steelworkers, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, kiliwaunga mkono. Madai yao makubwa hayakuwa mshahara. Walitaka matibabu baada ya kuumia, kinga ya kichwa, na udhamini usiokatwa ovyo.

Machi 2014 mkurugenzi wa kanda wa Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi aliamua kwamba wachezaji wenye udhamini ni waajiriwa. Alipima kazi yao kama kazi yoyote: saa 40 hadi 50 kwa wiki wakati wa msimu, amri za kocha, na malipo kwa njia ya udhamini. Aprili 2014 wachezaji walipiga kura. Chuo kilikata rufaa, na kura zikafungiwa. Agosti 2015 Bodi ilikataa kulishughulikia shauri hilo, bila kusema kama ni waajiriwa au sivyo. Kura zile hazikuhesabiwa kamwe.

Wakati huo huo fedha ziliendelea kupanda upande wa juu. Mwaka 2023 kocha wa Alabama, Nick Saban, alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimfukuza kocha Jimbo Fisher, na mkataba wake ukakilazimu kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke. Kumbe mkataba mzuri unaweza kumlinda mtu hata anapofukuzwa. Ila wenye mikataba hiyo hawakuwa wale wanaogongana.

MLANGO UMEFUNGULIWA NUSU

Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba NCAA ilivunja sheria ya ushindani kwa kuwawekea wachezaji mipaka katika misaada ya masomo. Tangu Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kulipwa na makampuni kwa kutumia majina na sura zao katika matangazo. Juni 2025 jaji wa shirikisho aliidhinisha suluhu ya kesi kubwa: dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa zamani, na ruhusa kwa vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Mwaka wa kwanza kila chuo kiliruhusiwa kutoa hadi dola milioni 20.5 hivi kwa wanamichezo wake wote.

Kwa hiyo mlinzi wa mstari wa mbele anayemaliza shule siku hizi huzungumza bei hadharani, naye huwa na wakala na mwanasheria. Hayo ni maendeleo makubwa tukikumbuka Memphis. Lakini kiasi hicho cha dola milioni 20.5 hakikupatikana kwa chama cha wachezaji kuketi mezani na mwajiri. Kiliwekwa na mawakili na vyuo. Na suluhu hiyo haikuwaita wachezaji waajiriwa. Mwenye nyota tano anaweza kupata fedha nyingi. Mwenzake wa kawaida anayegongana kando yake anapata kidogo, na hana chama cha kumsemea siku goti linapovunjika.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tusidanganywe na majina. Kibarua, mwanagenzi, msaidizi, mtu wa msimu, "mwana wa familia ya kampuni": kila jina lina maana yake siku ya ajali. Kabla ya kutia sahihi, uliza jina hilo linakupa nini ukivunjika mkono, na wewe usipokuwapo, mkeo au mumeo na watoto watapata nini.

Pili, kazi yenye thamani haikosi bei. Asiporuhusiwa mfanyakazi mwenyewe kuitaja bei hiyo, wengine wataitaja kwa niaba yake na kuitia mfukoni.

Tatu, fedha mkononi mwa mmoja mmoja si sawa na mkataba wa wote. Wachezaji wa Northwestern walilijua hilo walipodai matibabu kwanza. Kidole kimoja hakivunji chawa.