Sakafu ya Ghorofa Hubebwa na Nani?

Kila mmoja wetu amepata kukanyaga sakafu ya ghorofa, lakini ni wachache waliojiuliza ni nani anayeibeba. Kwetu sisi tunaosoma hapa Gahanga, katika wilaya ya Kicukiro, swali hilo si la mchezo. Mji wa Kigali unapanuka kuja upande wetu, na baadhi yetu watashika kazi ya ujenzi, kama walivyofanya wengine waliotutangulia shuleni. Basi nataka kueleza namna moja ya kutandaza sakafu, yaani mabamba ya zege juu ya mihimili ya chuma, kisha niilinganishe na kazi tunayoiona hapa hapa kwetu.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mafundi wa Lamu, Mombasa na Unguja walilaza boriti za mikandaa kutoka ukuta hata ukuta, wakapanga mawe ya matumbawe juu yake, wakamalizia kwa chokaa. Boriti haikuweza kubeba mzigo mahali papana, kwa hiyo upana wa chumba kwa kawaida haukuzidi mita 3 hivi, hata mwenye nyumba awe tajiri namna gani. Leo mahali pa boriti pamekaa mhimili wa chuma, na mahali pa jiwe pamekaa bamba la zege.

Zege lina tabia moja ya kukumbuka: ukilibana huvumilia sana, ukilivuta hupasuka upesi. Bamba lililolala juu ya mihimili miwili, likilemewa katikati, hutaka kupinda. Upande wa juu hubanwa, na upande wa chini huvutwa. Hatari basi iko chini. Kwa sababu hiyo, kiwandani huvuta kwanza nyaya ngumu za chuma kwa nguvu nyingi, halafu humwaga zege juu yake. Zege likiisha kushika, nyaya huachiliwa. Nazo, kwa kutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza, hulibana zege upande wa chini, hata bamba huinuka kidogo katikati kabla halijabeba kitu.

Tena, bamba huachiwa matundu marefu ndani, toka mwisho mmoja hata wa pili. Zege la katikati ya unene halina kazi kubwa katika kupinda, bali lina uzito. Mita 1 ya ujazo wa zege ina kilo 2,400 hivi. Bamba la urefu wa mita 6, upana wa mita 1.2 na unene wa sentimita 20, kama lisingekuwa na matundu, lingekaribia tani 3 na nusu.

Sasa tuje kwenye kulipandisha. Kwanza mihimili hupimwa kama imekaa sawa na kama imefungwa imara, maana mhimili usiozuiwa huweza kupinduka. Pili, mabamba hushushwa kwa winchi, na mafundi hawapakii upande mmoja tu wa mhimili mpaka mwisho, kwa kuwa mzigo wa upande mmoja huusokota. Tatu, kila mwisho wa bamba lazima ulale juu ya chuma kwa upana ulioandikwa katika ramani, mara nyingi sentimita 7 au 8. Upana huo ni mdogo kuliko kiganja cha mtu, na ndio unaozuia bamba lisianguke. Nne, nondo za kufungia huwekwa katika nafasi zilizo kati ya mabamba, na nafasi hizo hujazwa saruji na mchanga, ili mabamba yote yafanye kazi kama kitu kimoja. Mwisho, fundi bomba asitoboe apendapo, maana akikata waya mmoja amepunguza nguvu za bamba zima.

Labda mtu atasema nazidisha hofu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa liliporomoka mjini Dar es Salaam, wakafa watu zaidi ya 30. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la kukaa watu lilianguka Huruma, Nairobi, wakafa zaidi ya 50. Sisemi kwamba majengo hayo yalijengwa kwa mabamba. Nasema kwamba mzigo haumwonei mtu haya.

Lakini je, kila paa lazima libebwe na mihimili? Tazameni uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa Oktoba 2017. Makuba yake hayalali juu ya mihimili ya chuma. Yamejengwa kwa vigae vyembamba vya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, bila kuchomwa moto. Vigae vilipangwa tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka ukatiwa wavu wa kusaidia wakati wa tetemeko la ardhi. Kuba lililo pana kuliko yote linavuka mita 16! Siri yake ni umbo. Kuba lilipindwa kwa kufuata njia ya mzigo uendao chini, hata kila kigae kikabanwa wala kisivutwe.

Mbona basi tusijenge ghorofa zote hivyo? Kwa sababu kuba hula kimo kingi, na miguu yake husukuma nje, nayo lazima izuiwe. Anayetaka vyumba juu ya vyumba huhitaji sakafu bapa. Mabamba hutaka kiwanda, winchi na barabara nzuri; makuba hutaka udongo wa mahali na mikono mingi iliyofundishwa. Kila njia ina mahali pake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtakapoingia mahali pa kazi, msione haya kuuliza mzigo huu unapita wapi hata ufike ardhini. Nanyi wazee wetu mlio mafundi na wahandisi, mkiulizwa hivyo na kijana, mjibuni kwa uvumilivu. Kuuliza si ujinga, na jibu moja lililotolewa mapema huokoa watu wasiojulikana kwa majina.