Kufungua simu: Programu inayoahidi mteremko ndiyo ya kuogopwa

WENYE simu za kisasa na tabuleti wanaotafuta programu za kuzifungua hukumbana na ahadi moja: bonyeza kitufe mara moja na data yako haitapotea. Ahadi hiyo huvutia, lakini ndiyo ambayo mmiliki wa simu anafaa kuitilia shaka kuliko nyingine yoyote.

Sababu ni kwamba katika simu zinazotumia mfumo wa Android, njia rasmi ya kulegeza ulinzi wa mfumo hufuta kila kitu kilichohifadhiwa ndani ya simu. Utaratibu huo uliwekwa makusudi. Lengo lake ni kuhakikisha kuwa mwizi akipora simu, hawezi kulegeza ulinzi na kujisomea picha, jumbe na maneno siri ya mwenyewe.

Programu inayoruka hatua hiyo kwa kawaida hupenyea mahali pengine, napo ni kwenye ufa wa mfumo ambao haujazibwa. Ufa uo huo ndio unaopitiwa na wahalifu.

Hatari hiyo ilidhihirika Novemba 2016, kampuni ya usalama wa mitandao ya Check Point ilipotangaza kugunduliwa kwa programu haramu iliyopewa jina Gooligan. Ilijificha ndani ya programu zilizoonekana kuwa za kawaida, ikavamia simu za Android za toleo la 4 na la 5, na kufikia akaunti zaidi ya milioni 1 za Google. Miongoni mwa nyufa ilizotumia ni Towelroot, ambayo tangu mwaka 2014 watu walikuwa wakiitumia kwa hiari kufungulia simu zao wenyewe.

Makufuli manne

Hasara nyingi hutokana na kuchanganya mambo. Neno 'kufungua' hutumiwa kwa makufuli yasiyopungua manne, na kila moja lina mwenye ufunguo wake.

La kwanza ni kufuli la mtandao, ambapo kampuni ya mawasiliano iliyouza simu huizuia kutumia laini ya kampuni nyingine. Kampuni iliyolifunga ndiyo hulifungua, pasipo kufuta data wala kugusa ulinzi wa mfumo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2014 ya kumruhusu mnunuzi kulifungua kufuli hilo. Canada ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa hivyo Desemba 2017, nayo Uingereza ikafuata Desemba 2021. Anayenunua simu iliyotumika ng'ambo anafaa kuijaribu kwa laini yake mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

La pili ni kufuli la akaunti. Apple ilianza kulitumia mwaka 2013 na Google mwaka 2015. Simu ikifutwa bila idhini, hudai jina na neno siri la aliyekuwa akiitumia. Muuzaji anayeshindwa kuliondoa kufuli hili mbele ya mnunuzi huenda si mwenye simu. Dawa ni mwenyewe kuondoa akaunti yake, au kuwasilisha stakabadhi ya ununuzi kwa mtengenezaji.

La tatu ni kufuli la mkopo. Safaricom ilipozindua mpango wa Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, mteja aliweza kulipia simu kwa Sh20 kila siku, nayo ilifungwa alipokosa kulipa. Ufunguo wa kufuli la namna hii ni kumaliza deni.

La nne ni la butiloda, yaani programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa na kukagua iwapo mfumo ni ule ule uliotiwa sahihi na mtengenezaji. Hili ndilo hufunguliwa na anayetaka mamlaka ya ruti.

Ufunguo wa nyumba nzima

Mamlaka hayo yanaweza kulinganishwa na ufunguo wa mwenye nyumba ya kupangisha. Kwa kawaida kila programu katika simu hukaa chumbani mwake, na haiwezi kuingia katika chumba cha jirani bila idhini. Programu iliyopewa ruti huweza kufungua vyumba vyote, hata chumba cha benki na cha jumbe fupi.

Si kila anayeyatafuta mamlaka hayo ana nia mbaya. Wapo wanaotaka kuondoa programu walizobandikiwa kiwandani. Wengine hutaka kuhuisha simu ambayo mtengenezaji ameacha kuihudumia, kwa kuweka mfumo mpya kama LineageOS. Kundi hili la mwisho halihitaji ruti hata kidogo. Kufungua butiloda kunatosha.

Hatua ya kwanza kwa aliyekata kauli ni kunakili data yake yote nje ya simu. Pili, athibitishe kwamba mtengenezaji anaruhusu. Google huruhusu katika simu nyingi za Pixel, isipokuwa baadhi ya zile zilizouzwa na kampuni za mawasiliano za Marekani. Xiaomi imekuwa ikiwataka waombaji wasubiri kwa muda, nayo Huawei iliacha kutoa nambari za kufungulia butiloda mwaka 2018.

Tatu, achague programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Inayojulikana zaidi ni Magisk, iliyoanzishwa na John Wu mwaka 2016. Programu hiyo haitafuti ufa. Hufanyia marekebisho nakala ya faili ya kuwashia simu, kisha mwenyewe huirudisha faili hiyo ndani ya simu kupitia tarakilishi. Ni sharti faili itokane na modeli na toleo lile lile la simu husika, la sivyo simu huenda isiwake tena. Faili asilia ihifadhiwe, kwani ndiyo njia ya kurudi nyumbani mambo yakiharibika.

Hata kazi ikifanywa kwa uangalifu, gharama zipo. Simu nyingi za Samsung zilizotengenezwa tangu mwaka 2013 zina fyuzi ya kielektroniki iitwayo Knox, ambayo hukatika pindi mfumo usioidhinishwa unapowekwa. Fyuzi hiyo haiungiki tena, na huduma kama vile Folda Salama hufungwa moja kwa moja. Aidha, programu nyingi za benki hukagua uzima wa mfumo na kukataa kufanya kazi.

Huduma ya M-Pesa inayopatikana kupitia menyu ya laini huweza kuendelea, kwa kuwa hukaa ndani ya laini yenyewe. Hata hivyo, programu haramu iliyopata ruti inaweza kusoma jumbe fupi, zikiwemo nambari za siri ambazo benki hutuma kuthibitisha malipo.

Watumiaji wa iPhone nao hawajasalimika. Agosti 2015, watafiti walifichua programu haramu ya KeyRaider, iliyokuwa imeiba maelezo ya akaunti zaidi ya 225,000 za Apple kutoka kwa simu ambazo wenyewe walikuwa wamevunja ulinzi wake.

Kuna pia mpaka wa sheria. Fundi anayejitolea kubadilisha IMEI, yaani nambari ya utambulisho wa simu, hafungui kufuli lolote kati ya hayo manne. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya inalitaja tendo hilo kuwa kosa la jinai.

Kwa hivyo, simu inayobeba akiba ya mtu si ya kufanyia majaribio. Anayetaka kujifunza aanze na simu kuukuu isiyo na laini wala akaunti ya benki, na akiona programu inayomwonya kwamba data yake itafutika, asiikimbie kwa sababu hiyo. Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi.