Umbo la mtumbwi

Umbo la mtumbwi ni jinsi chombo hicho kilivyochongwa, hasa sehemu inayozama majini. Pamoja na hali ya maji, huathiri kasi, utulivu na mzigo unaoweza kubebwa.

Nyanda za juu za Ufipa (Mkoa wa Rukwa, Tanzania) ziko kati ya maziwa mawili: Ziwa Tanganyika upande wa magharibi, lenye kina cha hadi mita 1,470, na Ziwa Rukwa upande wa mashariki, lenye kina cha mita chache tu.

Mtumbwi mrefu na mwembamba hukata maji kwa urahisi, lakini hupinduka upesi. Wenye sehemu ya chini pana na bapa hutulia zaidi na hupita penye maji haba, ila hupigwa sana na mawimbi. Penye kina kidogo upepo huinua mawimbi mafupi yaliyo wima, ambayo huingia chomboni kwa urahisi kama mzigo umeshusha ukingo karibu na maji.

Maji yaliyoingia hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Kwa hiyo huchotwa mapema, na mizigo mizito huwekwa chini, katikati.