Mkeka wa Bibi Ulipogeuka Kitambaa cha Meza



Siku hiyo tulitoka Kilosa asubuhi kwa basi dogo, tukapitia Ulaya (Ulaya yetu hii ya wilayani, si ile ya wazungu), tukafika Mikumi karibu saa sita mchana. Tulikuwa tunamsindikiza bibi mmoja wa kanisani kwetu aliyehitaji kupimwa macho. Kabla hatujavuka barabara kuu iendayo Iringa hadi Zambia, Bibi alisimama ghafla mbele ya kibanda cha vinyago. Katikati ya picha za twiga na tembo palikuwa pametundikwa kitambaa cha meza cha batiki, cha rangi ya kahawia na nyeusi. Akaweka kidole juu ya pindo lake, akaanza kuhesabu kimyakimya kama afanyavyo akisuka. Kisha akatugeukia.

"Wajukuu zangu, mkeka wangu umefikaje hapa? Na tena unachechemea."

Tulitamani ardhi ipasuke. Kitambaa kile tulikitengeneza sisi wenyewe.

Kikundi chetu ni cha akina mama kumi na wawili. Wengi wetu ni wakulima, wawili ni wauguzi, na mmoja ni mwalimu. Tulikianzisha ili kusaidiana ada na sare za watoto, maana mume akilima mpunga na mvua ikakataa, nyumba nzima hukataliwa pamoja naye. Baada ya semina ya wiki moja ya batiki tulianza kwa furaha kubwa. Tukachora twiga. Tukachora pundamilia. Kumbe kila kibanda cha Mikumi, ambako barabara hukata katikati ya hifadhi ya taifa kwa kilomita zipatazo 50, kina twiga wake. Wageni walitazama, wakasifu, wakaondoka. Vitambaa vyetu vikarudi Kilosa ndani ya mfuko wa salfeti.

Ndipo mmoja wetu alipokumbuka ule mkeka.

Tuliuona mara ya kwanza wakati wa mafuriko. Wengi mnakumbuka jinsi Mto Mkondoa ulivyobomoa tuta mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, ukaingia Kilosa mjini, ukakata reli na kuwaacha maelfu ya watu kwenye mahema. Sisi wauguzi tulipita hema kwa hema tukitafuta watoto wenye kuharisha. Katika hema moja, wajukuu wanne walikuwa wamelala juu ya mkeka wa ukindu wenye mistari miwili myeusi inayopanda na kushuka. Bibi alitueleza kwamba mikeka yake mingine yote ilikwenda na maji. Ule mmoja aliubeba kichwani.

Miaka ilipita, lakini mkeka ule haukututoka akilini. Siku moja tulimwomba Bibi atuazime kwa ajili ya "maonyesho ya kanisa", naye alitupa bila kuuliza neno. Tulinakili pindo lake, tukarudisha mkeka, tukasema asante sana Bibi. Hatukumwambia tulichonakili wala kwa nini. Hilo ndilo kosa letu, na tunaliandika hapa kwa sababu tunajua vikundi vingi vya akina mama viko njiani kulifanya.

Sasa tueleze kidogo kazi yenyewe, kwa kuwa ina utamu wake.

Msukaji wa ukindu hachori. Yeye huhesabu. Majani ya mkindu hukaushwa juani mpaka yawe meupe, yakachanwa, na sehemu yake ikachemshwa na rangi. Kisha husuka ukili, yaani ule utepe mrefu ambao baadaye huzungushwa na kushonwa uwe mkeka, kikapu au kawa la kufunikia chakula. Jani hupita juu ya mawili, chini ya mawili, na kila mstari unaofuata husogea hatua moja. Kwa kusogea huko ndiko mstari mweusi hupanda kwa mshazari. Akitaka ushuke, hugeuza hesabu. Hivyo ruwaza nzima imo kichwani kama jedwali la kuzidisha, na ndiyo maana bibi asiyejua kusoma anaweza kuisuka gizani.

Ukitaka kuihamisha kwenye kitambaa, usianze kwa kuangalia mkeka na kuchora kwa macho. Chukua daftari la hesabu la mtoto, lile la viboksi. Kila jani linaloonekana juu ni kiboksi kimoja. Cheusi kitie kalamu, cheupe kiache. Ukimaliza, igeuze karatasi isimame kwa pembe, kwa kuwa majani ya ukili hupita kwa mshazari na si wima. Utashangaa kuona mkeka umekaa mbele yako kwenye karatasi.

Kutoka hapo unachonga muhuri. Wengine hutumia mbao, sisi tulikata godoro kuukuu la sponji. Muhuri huchovywa kwenye nta ya mishumaa iliyoyeyushwa na kupigwa juu ya kitambaa cheupe cha pamba tupu. Penye nta rangi haiingii. Unaanza na rangi hafifu, unapiga nta tena, unamalizia na rangi iliyokoza, kisha unachemsha kitambaa nta itoke. Ushauri wetu ni kutumia rangi mbili tu na kuacha sehemu kubwa ibaki na weupe wa maziwa. Mkeka unapendeza kwa sababu ukindu wenyewe unaonekana. Batiki ya rangi sita huzika ruwaza.

Kona ndizo zilizotutesa. Ukili hauna kona. Ukifika mwisho wa mkeka umekwisha. Lakini kitambaa cha meza, kama kanga, kina pindo linalozunguka pande zote nne, na pale pindo linapokutana mistari lazima ikubaliane. Sisi, ili kona zikutane na muhuri utoshe kwenye kipande chetu cha godoro, tulipunguza. Mstari wa Bibi huvunjika kila baada ya hatua nane, sisi tukaweka saba. Hakuna mteja aliyegundua. Bibi aligundua kwa kidole kimoja, tena akiwa na mtoto wa jicho. Huko ndiko kuchechemea alikokusema.

Hapa mtuvumilie tuongee kama wauguzi. Rangi nyingi za batiki huhitaji kostiki soda, na kostiki soda huunguza ngozi, macho na koo. Vaa glavu na viatu vya kufunika. Tia soda kwenye maji, usitie maji kwenye soda, maana yatarukia usoni. Usitumie sufuria ya jikoni, wala usiiweke soda kwenye chupa ya soda ya kunywa au kikombe. Mtoto akiinywa usimtapishe, mkimbize hospitali. Ikirukia ngozini au machoni osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 bila kuchoka. Nta ikishika moto, funika kwa mfuniko na ondoa moto chini yake. Maji hufanya moto uruke. Maji machafu ya rangi yasiende Mkondoa, ambako wenzetu wanachota.

Turudi kwa Bibi. Njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Baadhi yetu tulijitetea. Ruwaza husafiri, tulisema, na ni kweli. Kitenge tunachojivunia kilianzia kwenye batiki ya Java, ambayo Waholanzi waliiga kwa mashine katika karne ya 19 na kuja kuiuza Afrika. Kanga ilizaliwa pwani yetu mwishoni mwa karne hiyohiyo, lakini kwa miaka mingi ilichapwa India, Ulaya na Japani, kabla ya viwanda vyetu kama Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Kama kila mtu angezuia maua yake, tungevaa nini?

Lakini mwalimu wetu alitukumbusha upande wa pili. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara, mpaka Wakenya walipopinga na ombi likafa. Mavazi ya wanaume ya Louis Vuitton ya Ufaransa ya mwaka 2012 yalikuwa na mistari kama ya shuka za Wamaasai, majirani zetu hawa tunaokutana nao mnadani. Tulilaumu sana watu wa mbali. Je, sisi tulimfanyia Bibi nini tofauti? Tofauti ni kwamba sisi tunamwamkia shikamoo kila Jumapili.

Tulikwenda kwake watu watatu pamoja na mama mchungaji, tukachukua doti ya kanga na sukari. Tulipiga magoti. Bibi alituacha pale kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi, nadhani kwa makusudi, kisha akatuambia tukae. Alisema ruwaza ile alifundishwa na mama wa mama yake alipokuwa mwali amewekwa ndani. Kwetu Kilosa, Wakaguru, Wasagara na Wavidunda huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa Bibi hesabu za ukindu zilipita njia hiyohiyo. Jina la ruwaza alitutajia, akatuomba lisitoke nje, kwa hiyo hatuliandiki.

Mmoja wetu alinong'ona kwamba mambo ya unyago ni heri yasahauliwe na Wakristo. Sisi wengine hatukuona dhambi katika mistari miwili ya ukindu, na mama mchungaji alisema hivyo wazi.

Tulipatana hivi. Kila kitambaa chenye ruwaza hiyo kikiuzwa, sehemu moja ya kumi ni ya Bibi, na inaandikwa kwenye daftari ambalo mjukuu wake husoma kwa sauti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitaja sanaa za jadi, na COSOTA ipo. Lakini ofisi iko mbali na daftari liko karibu. Muhuri mpya wa mbao, wa hatua nane, unakaa nyumbani kwake ndani ya sanduku. Anayetaka kuutumia humfuata. Na wasichana wawili wa kwaya wanasuka naye kila Jumamosi, ili hesabu isibaki kwenye kichwa kimoja.

Vitambaa saba vilivyokuwa vinachechemea tulivirudisha kutoka Mikumi. Tumevikata kuwa vifuta-mikono vya zahanati.

Bibi ana ruwaza nyingine. Aliifunua kidogo siku ile, akaikunja tena. Binti mmoja wa kikundi, anayeolewa mwaka huu, angependa iwe pindo la vitenge vya sare ya harusi yake. Tumempelekea Bibi ombi hilo kwa heshima zote, naye amesema tumpe mpaka mpunga uvunwe ndipo atatujibu.